Bi Muhuri na Kanuni Aliyoitunga Mwenyewe

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa idara yetu ya madai ya bima anastaafu. Jina lake nalikwepa kwa makusudi, maana ndilo lililotutoa jasho. Ofisi nzima humwita Bi Muhuri, naye huitika.

Alianzia mapokezi, akahamia madai, akang'ang'ania huko. Karibu sote ametufundisha kazi yeye. Anajua kukataa dai kwa upole hata mteja akaaga kwa kushukuru, na akili humrudia akiwa keshafika ngazi ya chini. Chai yake hajawahi kuinywa ikiwa moto, kwani lazima amalize faili kwanza.

Uongozi umeniomba nitaje Kanuni ya Majina miongoni mwa mafanikio yake. Haya, naitaja. Zamani tapeli mmoja alilipwa fidia kwa jina la mtu mwingine, na Bi Muhuri akaapa kwamba haitatokea tena. Akaweka sharti: mteja aliyebadilisha jina baada ya kukata bima alete, juu ya vyeti vyote, shahidi aliyemfahamu kwa majina yote mawili, asiwe ndugu yake wala mfanyakazi mwenzake. Wateja walilalamika mpaka wakachoka. Yeye alisema kanuni ni kanuni, akagonga muhuri.

Kisha akaugua yeye. Madaktari walikuta saratani ya titi, wakataka apasuliwe haraka. Bima ya magonjwa makubwa alikuwa nayo, tena ya hapa hapa kwetu, ila aliikata akiwa ameolewa na akitumia jina la mume. Baada ya talaka alirudia jina la baba yake. Basi dai likatua mezani kwangu, mkataba ukiwa na jina moja na ripoti ya hospitali jingine.

Nikamwambia nalipitisha, kwani hapa nani asiyemjua? Akakataa. Meneja akaenda kumsihi. Naye akakataliwa, tena akasomewa kifungu. Hospitali inasubiri malipo, mgonjwa yuko kitandani ananiuliza shahidi yuko wapi! Nilitoka pale nimefura kwa hasira, hata mwavuli nikausahau. Niseme wazi: niliogopa kwamba tutamzika akiwa amefuata utaratibu.

Ndugu hawakufaa, sisi hatukufaa, majirani wa zamani walishahama. Wiki zikapita. Mwishowe tukabaki na mtu mmoja tu duniani: mtalaka wake. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya mahakama. Nilimpigia simu nikiwa tayari kutukanwa. Shemeji yetu wa zamani alicheka mpaka akakohoa, akasema mwanamke huyo hata talaka alidai nakala tatu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, amefunga tai, akaapa kwamba wanawake hao wawili ni mmoja, na kwamba wote wawili walimsumbua sawasawa. Malipo yakatoka siku hiyo hiyo.

Alhamdulillahi, alipona. Siku aliyorudi kazini aliifuta kanuni kabla hajaketi. Halafu akatoa mafaili yote yaliyokwama kwa sababu ya kanuni hiyo, akaanza kuwapigia wateja mwenyewe, kuwaomba radhi na kuwaambia vyeti vinatosha. Simu nyingine zilipokewa na wenyewe. Nyingine zilipokewa na watoto wa marehemu. Baada ya hizo alifunga mlango, nasi hatukubisha.

Sasa idara ya utumishi inatuarifu kwamba faili lake la pensheni bado lina jina la mume, na wanataka shahidi. Waliiga kanuni yetu; habari ya kufutwa kwake hawajapata! Basi Ijumaa, kwenye hafla ya kumuaga, shemeji atakaa safu ya mbele, kitambulisho mfukoni.

Bi Muhuri, umetuchosha, na tutakukosa sana. Asante kwa kazi, na asante zaidi kwa zile simu. Nenda kanywe chai ikiwa moto. Tunakuombea afya na umri mrefu, kwa jina lolote utakalopenda kuitwa.