Amana ya Bwana Konradi: Maisha ya Marehemu Mzee Harub bin Suud, 1899–1970

Hapa Wattaya, Maskati, aliyeanza ni Bi Kheiria, jirani yetu, na mwenyewe ameruhusu atajwe. "Yule mzee aliua Mzungu vitani, akamvua makaratasi yake," alimwambia Muhsina, mkwe wa marehemu, kisimani. "Ndiyo hayo anayoyafungia kwenye bati la biskuti. Mwanangu, mtoto wako usimpakatishe." Maneno ya namna hiyo yalimwandama Mzee Harub tangu ujana wake hadi juzi. Ndiyo maana maisha yake yanasomwa leo, katika kisomo cha siku ya tatu, mbele ya waliompenda na waliomshuku. Wengine ni hao hao.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1899, kitinda mimba wa Mzee Suud. Alisoma chuoni na kuhitimu Qur'ani akiwa bado mdogo. Herufi za Kizungu hakufundishwa, na hilo lilimgharimu.

Mwaka 1913 alipelekwa Tanga kwa mjomba wake, muuza nguo. Vita vilipozuka, jeshi la Wajerumani lilichukua cherahani ya mjomba, na Harub akachukuliwa pamoja nayo. Fundi wa kambi alikuwa koplo, Konrad Wessling, ambaye askari walimwita Bwana Konradi. Ndiye aliyemfundisha kushona makoti. Alikuwa akihesabu mishono kwa sauti, kwa Kijerumani, ains, zwai, drai, na kila mshono wa tatu akiurudia juu yake mara mbili ili pindo lisifumuke.

Walikuwa pamoja hadi Mahiwa, kusini, Oktoba 1917. Hapo Bwana Konradi alipigwa risasi ya paja. Alimkabidhi Harub kitabu chake cha jeshi, akamwamuru aondoke kabla Waingereza hawajafika. "Mpe binti yangu," alimwambia. Harub alirudi Pemba na kitabu, na buti za Mzungu miguuni, Mzungu mwenyewe hayupo. Watu wakamuuliza, "Kafa?" Akajibu, "Sijui." Jibu hilo ndilo lililomponza.

Alioa Wete mwaka 1926, Bi Nasriya bint Bakhit, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1961. Walijaaliwa Aflah na Hamdiya. Kazi yake ilikuwa ushonaji, na hakuna nguo yake iliyorudishwa kwa kufumuka. Lakini kila alikofika aliulizia habari za koplo. Tanga, mwaka 1923, dobi mmoja mzee alimpa kitambulisho cha kwanza cha Bwana Konradi, kilichosahaulika ndani ya sare kabla hajapandishwa cheo. Huko huko alisikia kwamba Wajerumani waliotekwa walipelekwa Bara Hindi. Tangu hapo hakuna aliyesafiri kwenda Bombay bila kuombwa na Harub aulizie.

Baada ya mapinduzi alifika Maskati, Juni 1964, na mwanawe Aflah. Mali iliachwa Pemba, ila bati la biskuti lilikuja. Forodhani lilifunguliwa, ikaonekana mihuri yenye tai, akaulizwa yeye ni jasusi wa nani. Walimweka ndani, kisha wakamwachia. Wattaya nzima ilipata khabari kabla hajafika nyumbani.

Muhsina aliolewa na Aflah mwaka 1966, naye alimchunga mkwewe kwa jicho la pembeni. Aliona jinsi anavyoligeuzia mgongo lango la barasti, kibanda chao cha makuti, kila afunguapo bati. Alipojifungua Marhoon, mzee akawa anampakata na kumbembeleza: "Ains, zwai, drai." Mtoto akilala fofofo.

"Unasikia?" Bi Kheiria akimfinya Muhsina. "Wallahi huo ni uganga."

"Baba, ni maneno gani hayo?" Muhsina aliuliza siku moja.

"Ya kazi," akajibu. Toka siku hiyo Muhsina alikuwa akimchukua mtoto mikononi mwake kwa visingizio vya kumnyonyesha.

Mwaka 1969 mfanyabiashara wa Matrah, Mahfoudh, alirudi kutoka India na furushi. Muhsina alipoingia na kahawa, wote wawili walilifunika furushi. Alimweleza mumewe. "Ya baba mwachie baba," Aflah akasema. Lakini alfajiri mzee mwenyewe alimwita. Macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na pumzi ilikuwa imeanza kumpiga chenga kwa maradhi ya moyo.

"Mwanangu, wewe umesoma skuli. Nna kitu cha kusomewa."

Ndani ya furushi lilikuwamo koti kuukuu, ambalo fundi mmoja wa Puna alilihifadhi miaka yote hiyo. Muhsina alipitisha kidole kwenye pindo: mishono miwili, wa tatu umerudiwa. Aliitazama fulana ya Marhoon aliyoshonewa na babu yake. Ni mkono mmoja. Katika bitana mlikuwa na kadi.

Kijerumani hakukijua, lakini majina ya miji na tarakimu alizisoma. Kitambulisho cha kwanza: Tanga, 1914. Kitabu cha jeshi: Moshi, Morogoro, Mahiwa. Kisha kadi ya mfungwa wa vita: Wessling, Konrad. Ahmednagar, India, Juni 1918.

"Mwaka gani hapo?"

"Kumi na nane, baba."

"Rudia."

"Kumi na nane. Baada ya Mahiwa."

Mzee alifunika uso kwa kofia yake. "Basi alikuwa hai," akasema. "Na mie nilikuwa nikimwombea kama maiti."

Muhsina alimweka Marhoon mapajani mwa babu yake, akatoka kwenda kumwita Bi Kheiria aje aone kwa macho yake. Alikuja, akaona, akasema, "Haya, lakini buti je?" Mzee akacheka hadi akakohoa: "Buti alinipa, Bi Kheiria. Zilikuwa zinambana."

Alilazwa hospitali ya Matrah mwezi Februari, akaomba arudishwe nyumbani, na hapo Wattaya alifariki alfajiri ya Alhamisi, 12 Machi 1970. Ameacha mwana, Aflah, binti, Hamdiya, aliyeko Mombasa, mkwe, Muhsina, na mjukuu, Marhoon. Mola amlaze pema, amtue mzigo alioubeba kwa uaminifu.

Usiku wa kuamkia kufariki alimshika Muhsina mkono, akamwachia ombi ambalo ndilo linalosimama mbele yenu sasa, kabla mirathi haijagawiwa:

"Mwanangu, bati si langu, lisihesabiwe. Nikishazikwa mtauliza, kama ada, nani ananidai. Waulizeni na hili: nani ana njia ya kufika Flensburg, kwao Bwana Konradi, Ujerumani? Jina la binti limo kwenye kadi, Dorothea. Koti nalo aende nalo. Huyo binti mwambieni aupapase mshono, atamjua baba yake."