Mkono wa Bwana Mcha, Bawa la Gharib

Tarehe 30 Juni 1958 Bwana Mcha Simai anaweka chini brashi na msasa, baada ya miaka kumi na tisa ya kupaka rangi ndege katika karakana yetu ya Kisauni. Wasifu huu ulikuwa uwe wa kuchekesha mwanzo hadi mwisho, lakini mwenyewe amekataa. Kasema haji kwenye chai yetu mpaka jambo moja liandikwe humu na lisomwe mbele za watu, mfagiaji wetu Gharib Jaku akiwepo.

Basi tuanze na yanayofurahisha. Bwana Mcha alitutokea Mkokotoni, kwenye ukoo wa mafundi wa vyombo vya baharini. Bawa la ndege alilikagua kwa kiganja, macho kayafumba, na chembe ya rangi iliyozidi aliigundua kabla yetu sisi tuliokodoa macho. Mazoea hayo hakuyaacha kazini. Harusini alipapasa meza, na pale Darajani muuza mapapai alimfukuza kwa kupapasa kila papai asinunue hata moja. Ole wake aliyeegemeza ngazi kwenye bawa! Wengi wetu tumejifunza kazi kwa kufokewa naye.

Ukali huo ulikuwa na maana. Upepo unaoligusa bawa hupita umelilalia, tabaka jembamba lililotulia. Ukikuta kichwa cha ribiti, ule msumari unaoshika mabati ya bawa, kimechomoza, au tone la rangi lililokauka vibaya, utulivu unavunjika. Nyuma ya hapo upepo huvurugika, ndege ikawa nzito kwenda na mafuta yakaliwa bure.

Mwaka 1954 alikuja mhandisi mgeni kulipima jambo hilo. Alilipaka bawa udongo mweupe, kisha akaulowesha kwa dawa iliyonukia kama ile ya kuchua viungo, weupe ukapotea. Ndege ikisharuka, penye upepo uliovurugika hukauka upesi na weupe ukarudi. Penye utulivu hubaki pamelowa. Kuosha bawa ilikuwa kazi ya Gharib, na aliliosha barabara. Lakini kabla ya ndege kuruka, Bwana Mcha alipita peke yake na kitambaa, akausugua ukingo wa mbele, usiopakwa udongo, kwa mafuta ya papa, kama wazee wake walivyopaka vyombo. Alidhani upepo nao utateleza kama maji. Nzi wa Kisauni wakafuata mafuta yale, wakanasa.

Ndege iliporudi, bawa lilikuwa limejaa pembetatu nyeupe, kila moja imeanzia kwa nzi mmoja na kupanuka kwenda nyuma. Mhandisi aliuliza nani kaosha. Gharib akafokewa mbele yetu sote, akaambiwa mvivu, akaondolewa kwenye ndege na kupewa ufagio. Dawa ya mhandisi ilikwisha izima harufu ya papa, kwa hiyo aliyejua ni mtu mmoja tu, naye alisimama pale pale akitazama viatu vyake. Siku ile ile Gharib akaitwa Bwana Nzi, na jina likafika mtaani kwake Ng'ambo kabla yake. Hata wanawe walichekwa nalo chuoni, walikosoma Kurani.

Bwana Mcha alikwenda kumwomba radhi nyumbani. Gharib alimkaribisha kahawa, akamwambia radhi ameshampa. Lakini jina lile kapewa karakanani, mbele za watu, na liondolewe huko huko. Bwana Mcha akaahidi. Miaka minne akaja kazini na ahadi yake, akamkuta Gharib na ufagio, akaishia kumsalimia. Ukimwuliza kwa nini, hukosa pa kuuweka uso wake. "Nnaona haya," husema, basi. Nasi imetuwia vigumu kuyaandika siku ya kumuaga, kwa kuwa tunampenda, na kwa kuwa jina lile tulilitumia sote.

Bwana Mcha, mikono yetu imejifunza kwa mkono wako, na kwa hilo tunakushukuru kwa dhati. Nenda Mkokotoni ukapumzike, Mungu akupe afya na umri mrefu. Kiti chako leo kiko mbele, ubavuni mwa Gharib. Na ile kauli uliyotaka isomwe ndiyo hii: siku ile Gharib aliliosha bawa likawa safi, na nzi wale niliwaleta mimi, Mcha Simai.