Usingizi wa Spès

Kwenye benchi la Hamimu, muuza kahawa wa mtaa wa Buyenzi, watu hawakukosekana asubuhi hata miaka ile ya vita. Siku hiyo Jovithe, fundi baiskeli, alikuwa ameshika kikombe asichokinywa. Binti yake Spès, wa miaka sita, alikuwa amejeruhiwa na guruneti. Hospitali walimlaza kwa dawa za usingizi wiki nyingi, mashine ikimpumulia. Sasa alikuwa amerudi nyumbani, na hilo ndilo lililomkimbiza Jovithe hadi kijiweni.

— Anatetemeka, alisema. Jasho linamutoka, alale hata kidogo hawezi. Jana ameniangalia, akasema: "We si baba. Baba yuko nyuma yako."

Kamiyo, dereva wa lori, akaweka kikombe chini.

— Dokteri anasema nini?

— Eti ni ile dawa. Mwili umeizoea, sasa unaidai. Na kichwa kinaona vitu haviko. Itaisha pole pole.

— Voilà! Moteri ikilala sana, siku ya kuiwasha inatoa moshi.

— Moshi gani? akadakia mshonaji waliyemwita Avoka, yaani wakili, kwa ubishi wake. Mutoto akilala vile, mulango unabaki wazi. Wazee walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ametoka, mugeni ameingia!

— Ile methali si ya mambo hayo, we! Kamiyo akamkatiza.

— Mi nakuambia. Jovithe, vitanda vya pembeni, hakuna mutoto alikufa?

Jovithe alikiweka kikombe benchini.

— Walikufa wawili.

— Basi mule ndani yake wako watatu, Avoka akanong'ona.

— Astaghfirullah! Hamimu akasema.

Mama Miza, aliyekuwa amesimama na kapu lake akingoja kahawa, akageuka.

— Mama yake yuko wapi?

— Dative ameenda hospitali kuchukua matone, yale ya kumupunguzia dawa kidogo kidogo.

— Sasa mutoto yuko na nani?

Jovithe alikuwa ameshainuka, anakimbia.

Alimkuta Spès amekaa sakafuni, nguo imelowa jasho, meno yanagongana.

— Baba amekuja, Jovithe alisema. Nikae na we?

Alitaka kukaa ukingoni mwa kitanda. Mtoto akashtuka.

— Apana hapo! Hapo kuna mutu. Kaa huku.

Jovithe akakaa alipoonyeshwa. Akakishika kile kiganja kinachotetemeka, na wote wawili wakabaki wanakitazama kitanda kitupu.