Historia ya Mtafiti wa Chumba cha Taa Nyekundu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mama huyu aliyeketi hapa mbele, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akaanza shule ya msingi Januari 1968, na Oktoba 1987 akahitimu shahada ya sayansi ya wanyama.

Tarehe 2 Mei 1989 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa ubongo, na mama alipomuuliza anafanya nini na panya kutwa nzima, alijibu kwamba anawatibu, jibu ambalo mama alilitangaza mtaa mzima kwa fahari, hata mwenye duka akawa anamtania, "Daktari, njoo stoo kwangu, wagonjwa wako wamemaliza unga!" naye kaka akicheka huku akitazama viatu vyake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwapa panya melatonini, homoni ambayo mwili huitengeneza gizani, kisha kupima kama ubongo wao unatengeneza kwa wingi au kwa uchache serotonini na dopamini, kemikali ambazo chembe za ubongo hutumia kupashana habari, na kipimo chake kilihitaji panya auawe na ubongo utolewe ungali na joto, tena chini ya taa nyekundu, kwa kuwa mwanga wa kawaida huizuia melatonini, na chini ya taa ile damu ilionekana kama maji tu.

Alimwoa mwalimu wa hesabu tarehe 14 Agosti 1993, wakajaliwa mabinti wawili, Machi 1995 na Novemba 1998.

Februari 2004 mfanyakazi wa usafi, mgeni kazini, aliingia akawasha taa kubwa, marehemu akaiona meza na mikono yake ilivyojaa damu, akamfokea yule dada, naye akajibu, "Samahani daktari, sikujua kuna operesheni. Atapona?" Swali hilo halikumtoka akilini, na ingawa aliendelea na kazi hadi kustaafu Juni 2021, akiamini itawafaa watu wasiopata usingizi, hakutaka tena kuitwa daktari, na nyumbani hakuweza kumtega hata panya wa jikoni, mkewe akisema amewapa uraia.

Aliugua figo tangu Septemba 2022, na siku moja wodini mama, akimshikia kikombe, alimuuliza kama wale panya wake walipona, kaka akageukia ukutani. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Aprili 2024, akiwa ameagiza jibu lisomwe hapa, mbele ya mama na mbele ya wale aliowatangazia: mama, hakuna aliyepona, wala sikuwa nikiwatibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani, mwenye duka, na wenzake wa maabara. Tunamshukuru mama, ambaye jana alisomewa jibu hilo ili lisimshtue mbele za watu, akasema lisomwe hivyohivyo, "Mwanangu aliona aibu. Basi nilimlea vema."

Kaka, pumzika kwa amani, wewe na mikono yako.