Mahindi Yanamngoja Mikayi

Benchi liko kando ya posho mili ya Rangwe, wanaposaga unga, na chai inayouzwa hapo ni yangu. Machi hiyo ya tisini na sita mvua ilikuwa imenyesha siku tisa, na mbegu zangu bado ziko kwenye gunia. Kwetu mikayi, mke wa kwanza, ndiye hupanda kwanza. Mimi ni wa pili, kwa hiyo nangoja. Mikayi wetu alikuwa amevunjika mguu, anauguzwa kwa binti yake huko Sori. Walioketi ni Zablon, fundi wa baiskeli tunayemwita Hakimu, na Levi kinyozi, ambaye ni Redio kwa sababu hazimiki.

— Mama Lynnet, usithubutu, Hakimu alisema. Ukimtangulia mikayi, mahindi yatatoka bila punje.

— Bila punje ni afadhali, Redio akasema. Kule Magunga mama mmoja alitangulia. Mahindi yake yaliota mizizi juu. Walivuna kwa kuchimba, kama viazi.

— Uliona?

— Aliona shemeji yangu.

— Na watoto wangu wanne watakula nini Julai? nikauliza.

— Heshima, mama, Hakimu akajibu.

— Hiyo inaiva kwa kuni ngapi?

Redio alicheka hadi chai ikammwagikia. Hakimu hakucheka, alikuwa amepata njia.

— Tujaze karai udongo wa shamba, tuupeleke Sori. Mikayi apande mbegu moja akiwa kitandani.

— Na jogoo aende, Redio akaongeza.

— Jogoo wa nini?

— Kwani jambo zito kama hili linaenda bila jogoo? Tena karai lisitikiswe. Likitikiswa, mpaka wa shamba unahama.

— Basi lirudi kichwani, kwa miguu.

— Kutoka Sori? Kichwa cha nani? nikauliza.

Bhoke, muuza vitunguu wa kutoka Migori, alikuwa ameketi kupumzika tu.

— Samahani, wazee. Huyo mikayi mwenyewe amesemaje?

Hakimu akamtazama Redio. Redio akatazama ndani ya kikombe.

— Asemeje kuhusu nini? Hakimu akauliza.

— Kuhusu kungojewa.

Siku tisa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi. Nikakusanya vikombe, cha Redio kikiwa bado nusu, nikabeba birika nikaelekea nyumbani kuchukua jembe.

— Mama Lynnet! Ngoja kwanza tumuulize!

— Nendeni mkamuulize, wazee. Mkirudi mtakuta yameota.