Mtama wa Kona ya Juu

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kyambogo, na ninyi mliotoka Nateete kwa miguu kwa sababu ya shida ya petroli, mimi ni Ezekieli Otema, kaka mkubwa wa Domenico Ongom, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Santa Ayot, ambaye tunamzika leo, Jumamosi, tarehe 22 Aprili 1978.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1931, karibu na Kitgum, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Celestino Oryem na Mama Juliana Lamwaka, akabatizwa mwaka huohuo, na kuanzia 1940 alisoma katika shule ya misheni ya wasichana hadi darasa la sita, alipotolewa ili amsaidie mama yake shambani, kwa kuwa mwaka ule jua lilikausha ulezi wote na kila mkono ulihitajika.

Tarehe 26 Julai 1952 alifunga ndoa kanisani na mdogo wangu Domenico, askari polisi, na Domenico alipohamishiwa Kampala mwaka 1958 alikuja naye, akapata kazi ya upishi katika bweni la wanafunzi hapa Kyambogo, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lakot, aliyepewa jina hilo kwa desturi yetu kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, kisha Concy, na Fabiano.

Mzee Erisa Kaggwa, aliyeketi hapo mbele, aliwapa shamba hili tulilokusanyika kando yake, na hapa marehemu alijifunza hali ya hewa upya, maana kwetu mvua ni moja ndefu, lakini Kampala ni mbili fupi, na mtama usiopandwa mapema mwezi Machi hukutwa na jua la Juni ukiwa bado unachanua, masuke yakabaki matupu. Katika ukoo wetu mwenye nyumba ndiye anayetupa mbegu za kwanza, kwenye kona ya juu ya shamba, na mke hapandi kabla yake, isipokuwa mume awe amekufa. Domenico alitumia mkono wa kushoto, na mtama wake uliota kwa safu iliyopinda kama mundu, tukawa tunamcheka kila mwaka kwamba polisi mzima hawezi kunyoosha mstari.

Tarehe 14 Juni 1972 Domenico alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi, na juu ya hilo sina zaidi la kusoma.

Machi 1973 mvua ilianza, majirani wakapanda, marehemu akakaa. Mama Kavugho, mfanyabiashara wa Nateete kutoka Kongo na rafiki yake mkubwa, alikuja akamwambia, "Mama Lakot, hii mvua haijui mume wala mke, panda, watoto watakula nini?" naye akamjibu, "Nikitupa mbegu mimi, nimemzika kwa mkono wangu." Wiki iliyofuata mtama uliota kwenye kona ya juu, kwa safu iliyopinda, ndipo yeye akapanda sehemu iliyobaki.

Tulisema ni mbegu zilizoanguka wakati wa mavuno. Mwaka 1974 niliilima kona ile mwenyewe, nikauchambua udongo kwa vidole, na asubuhi moja baada ya mvua nikakuta mtama umeota palepale, kwa safu ileile, udongo ukiwa laini kiasi kwamba hata ndege waliacha alama, lakini nyayo za mtu hazikuwepo ila zangu. Ikawa hivyo kila mwaka, hata 1976 mvua ilipochelewa mpaka Aprili, na mtama ule ukachelewa pamoja nayo.

Mwaka huu mvua ilikuja mapema na kwa wingi, lakini kona ilibaki tupu. Marehemu alikuwa akisimama pale kila asubuhi, hata akinyeshewa, huku maharagwe ya majirani yakifika magotini, na Mama Kavugho alipomwuliza kwa hasira, "Wewe unataka kula udongo?" alicheka tu, akasema, "Amechelewa, huyo hata chakula hakuwahi kukiwahi." Mwishoni mwa Machi alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na tarehe 19 Aprili, saa nane mchana, akafariki, baada ya kumwagiza Lakot kwamba shamba lisipandwe na mtu yeyote mpaka kona ile iote, wala yeye asiitwe mjane.

Jana wazee wa familia tulibishana juu ya neno la kusoma hapa, wengi wakasema karibu miaka sita inatosha, asomwe kuwa mjane, nami nikakubali. Kaburi lilichimbwa jana mchana kwenye kona hiyo, kwa ruhusa ya Mzee Kaggwa. Leo asubuhi tulipokuja kupanga viti, Lakot alituonyesha rundo la udongo uliotoka chini kabisa, ule mwekundu usiowahi kupokea mbegu, na juu yake mtama umeota, urefu wa kidole, kwa safu iliyopinda kama mundu. Mtaiona wenyewe tukifika, na ninawaomba vijana watakaofukia wachukue udongo wa upande wa pili.

Kwa hiyo nasoma hivi: marehemu ameacha mume, Domenico Ongom, watoto watatu, na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomtafutia dawa wakati dawa hazipatikani, majirani waliokesha nasi, wapishi wenzake wa bweni, Mama Kavugho aliyewalisha watoto, na wale mabwana wawili waliosimama nyuma karibu na gari, ambao majina yao hatukupata, nao tunawashukuru kwa kufika.

Santa Ayot, mke wa Domenico, kona ya juu imeota, sasa pumzika kwa amani.