Tata Kalala Kazadi, Seremala Aliyeandikwa Boyi

Ndugu waombolezaji, jamaa wametutuma tuwasomee maisha ya Tata Kalala Kazadi, na kwa kuwa wazungu hawapo hapa, tutayasoma yote.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1914, Kasai, kando ya mto Lubilanji, akasoma miaka mitatu katika shule ya misioni, akaiacha baba yake alipofariki, na mwaka 1929 akapanda gari la moshi kuja Katanga. Huko Likasi injinia mmoja alimchukua kwa kazi za nyumbani, karani akaandika katika kitabu chake cha kazi neno boyi, neno la Waingereza lililopanda na reli kutoka kusini, ambalo kwao ni mtoto wa kiume tu, lakini huku kwetu wamembandika mtu mzima mwenye mke.

Tarehe 15 Juni 1935 alifunga ndoa na Mama Tshibola, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai. Mwaka 1938 bwana wake, yule injinia, alihamia Kolwezi, nao wakamfuata, wakaishi chumba kimoja nyuma ya jiko lake, ambako watoto walikatazwa kulia wageni wakiwapo, na mtoto gani huyo analia kwa ruhusa?

Fundi wa misioni alimfundisha useremala siku za mapumziko, na mabenchi ya kanisa letu la Musonoi ni kazi ya mikono yake. Karakana moja ya useremala ilimtaka, ilikuwa tayari kumpa na nyumba, lakini bila sahihi ya bwana kitabuni hakuna aliyeweza kumwajiri. Aliomba mwaka 1946, akaomba 1951, akaomba 1955, kila mara akajibiwa kwamba boyi mzuri haachwi hivi hivi, kitabu kikafungiwa kabatini. Mama Tshibola alikuwa akisema, muzee wa imvi, bado banamuita boyi! Yeye alirudi kwenye pasi yake, lakini ilimuuma sana.

Novemba 1957 kifua kilimshika, akalazwa mara mbili, akafariki Jumanne tarehe 12 Agosti 1958, alfajiri. Jana asubuhi dereva wa bwana alileta kitabu hapa matangani, kimetiwa sahihi: mwenye kitabu hiki ana ruhusa ya kutafuta kazi nyingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na maseremala wenzake waliolitengeneza sanduku hili bila kuombwa.

Tata Kalala, seremala, pumzika kwa amani, huko hawaulizi kitabu.